Turubai Likishaondoka: Mwongozo wa Mfiwa Kuanzia Siku ya Nne

Mwongozo huu unaanza asubuhi ya siku ya nne, pale kijana wa kukodisha viti anaposhuka kwenye kirikuu na kuanza kuhesabu. Atahesabu kwa sauti, mtaa mzima usikie. Mia moja na kumi na nane. Mia moja na kumi na tisa. Kimoja hakipo. Mjomba atazunguka uani, atakikuta karibu na bafu kimebebeshwa ndoo. Kamba zitafunguliwa, nguzo zitalazwa, na pale mlipokaa watu zaidi ya mia kwa siku tatu patabaki mraba wa vumbi lililoshindiliwa na miguu, maganda ya karanga, na kikombe cha plastiki kisicho na mwenyewe.

Siku tatu za kwanza hukuhitaji mwongozo. Ulionyeshwa pa kukaa, ukala ulichowekewa, ukashikwa mkono na watu ambao hata majina yao umeyasahau. Sanda ilinunuliwa bila wewe kuulizwa bei. Daftari la rambirambi lilishikwa na mtu mwenye mwandiko mzuri. Akina mama wa mtaa walikesha jikoni wakikoroga maharage kwa miiko mirefu kama makasia, na usiku ulipokuwa mzito kulikuwa na mtu amelala mkekani karibu yako, anakoroma, na mkoromo ule ulikuwa dawa. Sijaona utaratibu wa kumshika mtu aliyevunjika unaoushinda matanga yetu. Una upungufu mmoja tu: matanga yanaanuliwa siku ya tatu, na siku ya tatu ndiyo kwanza ganzi inaanza kutoka.

Mimi nilifiwa na mama, Temeke, katikati ya masika. Kazini nilikuwa na siku nne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyefiwa na mzazi angalau siku 4 zenye malipo, na mwajiri wangu aliisoma hiyo angalau kama mwisho. Siku ya tano nilikuwa mezani, naulizwa ripoti. Haya ninayoyaandika niliyajua baadaye, kwa kuchelewa, na ninayaandika ili wewe usichelewe.

Anza kwa kukusanya vifaa. Utahitaji kiti kimoja cha ziada, kikae nje mahali kinapoonekana kutoka barabarani. Utahitaji sufuria dogo kuliko lile ulilozoea, kwa sababu aliyeondoka ameondoka na kipimo chake cha unga. Leso mbili za kitambaa, maana zile za karatasi humeguka na kukugandia usoni. Daftari la shule na kalamu inayoandika. Kitu kimoja cha marehemu ambacho bado kina harufu yake, nacho kisifuliwe hata shangazi akisisitiza. Na mtu mmoja asiyependa kutoa ushauri. Hiki cha mwisho ndicho kigumu kupatikana mjini, kwa hiyo anza kukitafuta mapema.

Sasa utaambiwa ujikaze. Atakayekuambia anakupenda, na husema hivyo kwa nia njema, huku akikupiga bega kama anayejaribu ubora wa nazi. Mjibu kwa upole: nikaze nini? Ukikaza koo, chakula hakipiti. Ukikaza kifua, usingizi hauji. Ukiwa mwanamume utaongezewa kwamba mwanamume halii, na hapo usinyamaze, kwa sababu huo ni uongo, na watoto wako wa kiume wanasikiliza. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mdogo Ibrahim. Yesu alilia kwa ajili ya rafiki yake Lazaro. Kama wao walilia, wewe fundi magari wa Tandika unamkazia nani?

Mimi nilijikaza siku thelathini na tisa. Siku ya arobaini, dukani, nilisema kwa mazoea, "Nipe sembe kilo mbili." Kilo mbili kilikuwa kipimo cha mama na mimi, moja ya kwake na moja ya kwangu. Muuza duka alikwisha kumimina nikamwambia apunguze, iwe moja. Nilipoona unga ukirudi kwenye gunia nililia nimeshika mizani yake kwa mikono miwili, watoto waliotumwa chumvi wakinitazama. Yule muuza duka, Mungu amweke, alitoka nyuma ya meza, akaniketisha juu ya kreti la soda, akaendelea kuuza. Hakusema neno. Hapo nilimpata mtu wangu asiyependa kutoa ushauri.

Kwa hiyo lia mapema, ulie kwa mpango. Chagua mahali: bafuni maji yakiwa yanamiminika, au ufukweni Kigamboni, au kwa mtu anayejua kukaa. Usilie huku unaendesha pikipiki. Kilio kikianza kiache kipite katika hatua zake zote hadi kwikwi, kisha unawe uso, unywe maji, ulale kama unaweza. Mwili utakuwa mzito kama uliobeba magunia, na ndivyo ilivyo, umebeba.

Kwenye simu watakutumia hatua tano za huzuni: kukana, hasira, kujadiliana, kuvunjika moyo, kukubali. Utajikuta unajipima, uko ya ngapi, mbona jana ulikuwa ya nne na leo umerudi ya pili. Acha kujihesabia. Hatua hizo zilitoka katika kitabu cha mwaka 1969 cha Elisabeth Kübler-Ross, daktari mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Chicago, naye alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Walikuwa wanaziaga nafsi zao wenyewe. Zikaja kuvalishwa wafiwa kama nguo ya kuazima, na wengi zinawabana kwapani. Sisi watu wa pwani tuna kipimo kinachokaa vizuri zaidi, nacho ni bamvua. Kila mwandamo na kila mwezi mpevu bahari hujaa kupita kawaida, huja mpaka kwenye mizizi ya minazi, kisha hurudi, na baada yake hufuata maji mafu, utulivu wa siku kadhaa. Mvuvi haoni kwamba bahari imemsaliti kwa kurudi. Anajua itarudi, na mashua yake ameivuta juu. Huzuni yako nayo itajaa Idi ikifika, au Krismasi, au siku utakaposikia mtu anakohoa kama alivyokohoa yeye. Ikijaa usidhani umeharibu kazi yote uliyofanya. Vuta mashua juu.

Nifike sasa kwa watani, na hapa nitakawia, kwa sababu ni dawa tunayoiacha ife huku tukinunua nyingine.

Sisi ni Wazaramo, na Wanyamwezi ni watani wetu. Utani huo ulikua katika karne ya 19, misafara yao iliposhuka kutoka Unyamwezi na kupita nchi ya Uzaramo kufika pwani. Wahehe wanao wao na Wangoni, uliozaliwa na vita walivyopigana. Walipochoka kuuana wakaamua kutukanana kwa upendo, na kuzikana. Kazi ya mtani msibani ni ya lazima. Hufanya kazi ambazo mfiwa hawezi, na huwa na ruhusa ambayo hakuna mwingine anayo: kuchekesha mbele ya maiti. Atajilaza kwenye kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka alipwe. Atadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Atatembea kama marehemu alivyotembea.

Siku ya tatu jioni mtani wetu, mama mmoja muuza vitenge, alitoka chumbani kwa mama amevaa kanga yake na ndala zake, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye daftari la rambirambi akadai chenji yake ya dagaa. Alipopewa noti alihesabu mara moja, akalamba kidole, akahesabu ya pili, akainua noti kwenye mwanga, akahesabu ya tatu. Alikuwa mama. Alikuwa mama mtupu, mpaka ile namna ya kuguna. Uwanja mzima uliangua kicheko. Shangazi yangu, ambaye tangu simu ya msiba ilipoingia hakudondosha chozi hata moja, alicheka akishika mbavu, akainama, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio kirefu cha kumwita wifi yake kwa jina la utotoni. Yule mtani alitupa miwani, akaenda kumkumbatia. Walilia wote wawili ndani ya kanga ileile.

Nimesoma mengi tangu wakati huo kuhusu namna ya kumfungua mtu aliyejifunga, na sijaona kitu kilichofanya kazi haraka na kwa heshima kama kile. Mtani hukurudishia marehemu mzima, na ubahili wake na kuguna kwake. Waombolezaji wengine walikuwa wanatuletea malaika. Malaika hatukuwahi kuishi naye, hatukujua namna ya kumlilia.

Ukipata msiba, basi, mtafute mtani wako. Usione aibu kumpigia simu hata baada ya matanga, umwambie njoo uniigizie. Kama ukoo wenu umepoteza watani kwa kuhamahama, waite wajukuu, maana nao wana utani na babu na bibi zao, nao huwa wamechunguza kila kitu. Ila jihadhari: utani una wenyewe. Mkwe hana ruhusa, bosi hana ruhusa, na jirani aliyehamia mwaka jana akijaribu atapigwa.

Wiki ya pili jioni huwa ndefu. Kile kiti ulichokiweka nje sasa kina kazi.

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua kwa sababu familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006 alianza mradi katika eneo la Mbare. Hakuwa na wauguzi wa kutosha wala chumba. Alichopata ni bibi 14 waliokwisha kuwa wahudumu wa afya wa jamii, na benchi la mbao chini ya mti. Bibi hao walifundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu achague shida moja aanze nayo. Hawakutumia majina ya kigeni ya ugonjwa. Walitumia neno la Kishona kufungisisa, yaani kufikiri mpaka fikra zinakula mwili, na kila mtu alielewa. Utafiti uliochapishwa Desemba 2016 uliwafuata watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa karibu asilimia 14 ya waliokaa kwenye benchi, na kwa karibu asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Nilipoyasoma hayo nilifunga kitabu nikatoka nje kukitazama kiti changu cha plastiki chenye mguu uliopasuka. Bibi wa kukalia viti hivyo tunao kila mtaa. Tumewaachia kazi ya kulinda nyumba.

Kwa hiyo wewe jirani, mwongozo huu ni wako pia. Usije siku ya kwanza tu, siku ya kwanza tuko wengi. Njoo siku ya kumi na moja. Njoo siku ya ishirini na sita, siku isiyo na jina. Usije na ushauri, njoo na mihogo. Keti, menya. Mjane aliyeko eda ana miezi 4 na siku 10 mbele yake, na wiki za mwanzo utaona ndala nyingi mlangoni kwake. Mwezi wa tatu hesabu tena uone zimebaki ngapi. Hapo ndipo unapohitajika, na hapo ndipo huanza kufika ndugu wa mume wanaouliza habari za kabati, za shamba, za ile pikipiki. Kaa kwenye kiti chako wakiwepo. Uwepo wako peke yake utapunguza sauti zao. Mwanamke anayenyang'anywa sufuria hawezi kupona, kwa sababu kila siku anafiwa upya.

Lile daftari sasa. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo Marekani: dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo, waandike kuhusu jambo lililowaumiza. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia walitoka chumbani wamenuna zaidi ya walivyoingia, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zinaonyesha kwamba faida hiyo ni ndogo. Bei yake nayo ni ndogo, daftari na kalamu, kwa hiyo fanya. Usijali herufi. Mwandikie marehemu ile habari ambayo hujamwambia mtu.

Yangu ilikuwa ya luku. Siku mbili kabla hajafa, mama alinipigia simu jioni. Alikuwa amenunua umeme na hakuweza kusoma zile namba kwenye simu, macho yalikuwa yamekwisha, akataka nimsomee ili aingize. Tarakimu 20. Nilikuwa kwenye daladala, nimebanwa, nimechoka, nikamwambia, "Mama, nitakupigia baadaye." Sikupiga. Niliamini kwamba alilala gizani usiku ule, na kwamba giza lile ndilo la mwisho nililompa. Nilibeba jambo hilo miezi mitano bila kumwambia mtu yeyote. Nikiombewa dua nilijiona mwizi wa dua.

Nililiandika siku ya tatu ya daftari. Siku ya nne, badala ya kuandika, nilipanda basi nikaenda kwa shangazi na kumsomea ukurasa ule. Alinisikiliza akichambua mchele, hakuinua uso. Nilipomaliza alisema, "Baba, umeme aliingiza jioni ileile. Alimwita mtoto wa nyumba ya mbele akamsomea. Nilikuwepo. Akampa mia tano akanunue kashata, kisha akatusimulia kwamba umekonda, hawakulishi huko mjini, akasema Jumamosi atakupikia kisamvu."

Miezi mitano. Nusu ya pili ya habari ilikuwa kwa shangazi muda wote, imekaa kwenye ungo, inanisubiri niulize. Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote niliyoandika hapa: dukuduku ukilificha hulilindi, unalifungia mlango. Yawezekana mtu anayejua ulivyosamehewa anaishi mitaa mitatu kutoka kwako. Na hata kama shangazi angesema kwamba ndiyo, alilala gizani, tungelibeba wawili, na ningeshukuru kwa hilo pia.

Kuna wakati kiti, mtani na daftari havitoshi, nami ninalisema waziwazi kwa sababu nimemzika rafiki aliyeachiwa mbali mno. Mtu akikaa wiki kadhaa hali, halali, haogi. Akianza kusema kwamba angependa kumfuata aliyetangulia. Akianza kugawa vitu vyake. Usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mpeleke hospitali. Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, na hospitali za mikoa zipo. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inaitambua huzuni inayomlemaza mtu zaidi ya miezi 6 kuwa hali inayostahili tiba, nayo inamtaka daktari atazame kwanza mila za mgonjwa kuhusu maombolezo. Wakikucheka kwamba umekwenda Mirembe, waache wacheke. Hawajui ulikokuwa.

Mengine ni madogo. Namba ya marehemu usiifute kwenye simu mpaka utake mwenyewe. Nguo zigawe kwa awamu, na ile moja baki nayo. Ukimwota, msimulie mtu asubuhi ileile. Ukijikuta umecheka siku nzima bila kumkumbuka, usijiadhibu jioni kwa kutazama picha.

Mwezi uliopita mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alifiwa na mkewe. Nilihudhuria kama wengine, nikaandikwa kwenye daftari, nikala wali. Asubuhi ya siku ya nne niliisikia kirikuu, nikasikia viti vikihesabiwa. Nilingoja mpaka siku ya kumi na moja, nikabeba kiti changu chenye mguu uliofungwa waya na mfuko wa mihogo, nikavuka barabara. Alikuwa kibarazani peke yake. Alinitazama, akasogeza miguu nipate nafasi. Tulimenya mihogo mpaka magharibi ikaingia, na ndani ya nyumba taa haikuwaka. Baada ya muda mrefu alitoa simu mfukoni, akaishika mbali na macho, akaikaribisha, akaishika mbali tena.

"Mwanangu, hizi namba mama alikuwa ananisomea yeye."

Nikamsomea zote 20, nne nne, polepole, yeye akibonyeza.